Rimu za aloi za pikipiki: rangi ya unga au rangi ya kupuliza?

Swali hili limekuwa likirudi kwenye simu zetu: rimu za aloi za pikipiki zimebanduka rangi, je, zipelekwe mjini zikapigwe rangi ya unga, au fundi wa hapa hapa azipulize rangi ya kawaida?

Kwa dereva wa bodaboda hili si suala la urembo peke yake. Pikipiki ikilala gereji siku tatu, ni siku tatu bila hesabu ya tajiri. Na rimu ikiharibiwa wakati wa kupakwa rangi, hasara yake inaweza kutokea barabarani, dereva akiwa amebeba abiria.

Jibu kwa kifupi ni hili. Rangi ya unga hudumu zaidi, lakini inafaa tu kwa fundi mwenye oveni halisi yenye kipimo cha joto. Kama oveni hiyo haipo, rangi ya kupuliza iliyopakwa kwa utaratibu ni chaguo salama zaidi. Na kabla ya yote, hakikisha rimu yenyewe ni nzima, kwa sababu hakuna rangi inayotibu ufa.

Rimu ya aloi ni ipi?

Ni ile isiyo na spoki za waya. Imemiminwa kipande kimoja, habu, mikono na ukingo vikiwa pamoja, kwa alumini iliyochanganywa na madini mengine kama silikoni. Haishiki kutu nyekundu kama chuma, lakini rangi ikibanduka, unyevu na chumvi huila taratibu na kuacha unga mweupe na vishimo vidogo. Tofauti nyingine na rimu ya spoki ni hii: ya spoki ikipinda, fundi anaweza kuinyoosha kwa kukaza na kulegeza spoki. Ya aloi ikipigwa sana na shimo la barabarani, inaweza kupasuka.

Anza na ukaguzi

Osha rimu kwa maji na sabuni, ikauke. Chukua tochi ya simu, uangalie mahali mikono inapoungana na habu, mahali inapoungana na ukingo, na ukingo wote unaoshika tairi.

Ukiona mstari unaoutilia shaka, kuna kipimo cha zamani cha mafundi. Paka mafuta ya taa mahali hapo, subiri kama robo saa, futa mpaka pakauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki nyeupe. Kama kuna ufa ulio wazi, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Fanya kazi hii mbali na moto.

Kisha angalia kama rimu imepinda. Ikiwa bado kwenye pikipiki, inua gurudumu, shikilia kijiti karibu na ukingo bila kugusa, zungusha. Nafasi kati ya kijiti na rimu ikipanuka na kubana, rimu imepinda.

Rimu yenye ufa usiipake rangi. Kuichomelea nako si suluhisho la kuaminika, kwa sababu joto la kuchomelea hulegeza alumini ya pembeni. Tafuta nyingine. Ukinunua rimu ya mtumba iliyopakwa rangi mpya inayong'aa, kuwa makini zaidi, maana rangi nene inaweza kuwa imeficha ufa.

Rangi ya unga inavyofanya kazi

Rangi hii haina majimaji wala tina. Ni unga mkavu, laini kama wa ngano. Fundi huondoa rangi yote ya zamani, mara nyingi kwa kupiga mchanga kwa upepo wa kompresa, kisha huunganisha rimu na waya wa athi. Bunduki ya kupulizia huupa unga chaji ya umeme, nao hunata kwenye rimu kama vumbi linavyonata kwenye kioo cha televisheni. Baada ya hapo rimu huingia kwenye oveni, kwa kawaida nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, kwa dakika 10 hadi 20 baada ya chuma chenyewe kufikia joto hilo. Unga huyeyuka, hutandazika, kisha hugeuka kuwa ngozi ngumu.

Ngozi hiyo mara nyingi huwa na unene wa mikroni 60 hadi 100, karibu unene wa unywele. Inavumilia kokoto, matope na kuoshwa mara kwa mara kuliko rangi nyingi za kupuliza. Kwa rimu zinazokaa juani, ulizia unga wa aina ya poliesta. Ule wa epoksi peke yake hushika vizuri, lakini jua huufanya upauke na kutoa vumbi.

Ubaya wake upo pia. Kokoto kubwa ikiutoboa, maji hupenya chini yake na ngozi inaweza kuinuka kama ganda. Kiraka cha nyumbani hakifanani na kazi ya mwanzo, na kuuondoa wote ni kazi ngumu. Pia, alumini iliyomiminwa ina vitundu vidogo vinavyoficha hewa na grisi. Fundi asipoipasha rimu joto kwanza ili vitoke, rangi hutoka na vipele.

Rangi ya kupuliza

Hii ndiyo ya kopo la kubonyeza au ya bunduki ya kompresa. Uzuri wake ni kwamba haihitaji oveni, inapatikana karibu, na sehemu iliyochubuka unaweza kuirudia mwenyewe.

Kinachoamua kama itadumu ni maandalizi. Alumini tupu haishiki rangi vizuri. Utaratibu ni huu: osha grisi yote, sugua kwa msasa, futa vumbi, paka praima inayofaa alumini, kisha rangi kwa mikono miwili au mitatu myembamba, mwisho klia. Mkono mmoja mzito hutiririka na kubanduka mapema.

Rangi ya kopo la kawaida huharibiwa kirahisi na petroli na mafuta ya breki. Ile inayochanganywa na hadena ni imara zaidi, lakini moshi wake unaweza kudhuru mapafu, hasa kwa mwenye pumu. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye barakoa ya kuchuja kemikali, mahali penye hewa, mbali na watoto.

Usipulize wakati wa mvua au unyevu mwingi, rangi hupata ukungu. Kama uwanja una vumbi, nyunyiza maji chini kwanza. Na usikimbilie kufunga tairi kwa sababu rangi haishiki tena vidole. Kukauka juu si kukomaa. Fuata muda ulioandikwa kwenye kopo.

Sehemu zisizopakwa rangi

Hapa ndipo makosa ya hatari hutokea, kwa rangi zote mbili. Sehemu hizi zizibwe kabla ya kupaka:

- Ndani ya habu, mahali breki inaposugua. Rangi ikiingia humo, breki inateleza.
- Mahali diski inapokaa, kwa pikipiki ya breki ya diski. Rangi nene huifanya diski ikae upande.
- Nyumba za beringi. Beringi mpya haitaingia sawa.
- Mahali ekseli na bushi zake zinapokaza. Rangi nene ikisagika baadaye, nati inalegea.

Ukingo wa ndani unaoshika tairi uwe laini na safi. Kwa tairi lisilo na tyubu, matone ya rangi hapo huvujisha upepo.

Kabla ya oveni, beringi, sili na raba za dampa lazima zitolewe zote. Kwenye nyuzi 200 grisi huyeyuka na raba huharibika.

Moto na kemikali

Usikubali rimu yako ichomwe rangi kwa moto wa gesi, wala "kuokwa" kwenye pipa juu ya mkaa. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi kama 660, na mafundi wetu wa sufuria huiyeyusha kwa mkaa na mivukuto. Lakini rimu haihitaji kufika huko ili iharibike. Rimu nyingi za aloi huimarishwa kiwandani kwa joto lililopimwa. Ukizidisha joto, hupoteza nguvu bila kubadilika sura. Utaiona nzima, mpaka siku itakapokutana na shimo.

Usitumie pia kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, kuondoa rangi. Inakula alumini yenyewe na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka haraka. Tumia msasa, au dawa ya kuondoa rangi iliyoandikwa kwamba inafaa alumini.

Ipi uchague?

Kama una fundi wa kuaminika mwenye oveni, na unaweza kuikosa pikipiki kwa siku kadhaa, rangi ya unga inastahili gharama yake. Unapopiga hesabu, jumlisha nauli, kufungua na kufunga tairi, beringi mpya kama za zamani zimechoka, na siku zisizo na kazi. Kama rimu zimechubuka kidogo tu, au mji uko mbali, rangi ya kupuliza yenye praima inatosha.

Kabla ya kulipa, muulize fundi wa rangi ya unga maswali manne: Oveni yako ina kipimo cha joto? Unaoka nyuzi ngapi, kwa muda gani? Unatoa beringi zote? Unaziba sehemu zipi? Fundi anayeijua kazi hatakasirika. Atakuonyesha. Akikujibu "tunakadiria tu", mshukuru, chukua rimu zako uondoke.

Ukishafunga magurudumu, jaribu breki mahali pasipo na watu kabla ya kubeba abiria. Baada ya siku mbili tatu za kazi, kagua tena nati za ekseli na upepo wa tairi.