Bao la Kitambaa, Bao la Kukunja



Hapa Same bao liko barazani, na barazani wamekaa baba zetu. Ubao wenyewe ni mti mzito, hauhami. Sisi mafundi cherehani, ambao kila wiki tunapanda na kushuka milima ya Upare, tukashona la kwetu la kitambaa. Wako waliosema bao bila ubao si bao. Historia inasema vingine.

Waarabu huita michezo ya aina hii mankala, kutokana na neno lenye maana ya kuhamisha, lile lile lililotupa "nakili". Kule Hyrax Hill, karibu na Nakuru nchini Kenya, mashimo yake yamechongwa kwenye mwamba. Watoto huyachimba mchangani. Waafrika waliovushwa bahari utumwani hawakupewa nafasi ya kubeba mbao, lakini mchezo ulifika nao Antigua, na mpaka leo unachezwa huko kwa jina la warri, mashimo 12 na kete 48. Waliubeba kichwani.

Kwa hiyo bao ni hesabu yake. Bao la Kiswahili lina mistari 4 ya mashimo 8, jumla 32, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 6 kwenye nyumba, 2 na 2 katika mashimo mawili ya jirani, na 22 za akiba. Hayo hatukuyagusa.

Tulichobadilisha ni vazi. Tulikata turubai jepesi, tukashonea maduara 32. Shimo la kitambaa halina kina, na komwe hubingirika, kwa hiyo kila duara tulilizungushia kamba ya katani iliyovishwa kitambaa. Nyumba tukaipa umbo la mraba. Ukingoni tukapitisha kamba ndefu: ukiivuta, bao linageuka mfuko wa kete zake.

Sasa mama anayeshusha tangawizi kutoka Mamba analiweka kikapuni, na akisubiri gari anamfundisha binti yake kupiga hesabu ya kete kwa macho, bila kuzigusa. Tunacheza bila dau, na wakati wa swala ukiingia tunavuta kamba.

Dada, kama una kipande cha turubai na kete 64, baraza unalo.