Mizani ya Chama na Noti Mkononi

Mpenzi msomaji, juma hili nakuomba tutoke mjini Arusha tupande hadi mitelemko ya Mlima Meru, kwenye migomba na mibuni ya Akheri, Poli na Nkoaranga. Tunapozungumzia kulegezwa kwa masharti ya uchumi, sisi wa mjini hukumbuka zaidi mambo ya dukani: foleni za sukari na sabuni za mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha bidhaa kujaa, mitumba kumwagika sokoni, na Rais Ali Hassan Mwinyi kuitwa Mzee Ruksa. Kumbukumbu hizo ni za kweli. Lakini huko mlimani ruksa iligusa jambo ambalo mnunuzi wa sukari hakuliona, nalo ni kukopeshana.

Yafaa tuanzie mbali kidogo. Azimio lililopitishwa hapa Arusha Januari 1967, na kutangazwa Februari 5 mwaka huo, liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na ununuzi wa kahawa ukakabidhiwa mamlaka ya zao hilo. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, na mwaka 1984 vikaanza kazi upya. Njia ya kahawa ilikuwa moja tu. Mkulima alipeleka kahawa yake kavu kwenye mizani ya chama cha msingi, chama kikuu kikaikusanya, ikakobolewa na kuuzwa mnadani Moshi. Mkulima alipata malipo ya kwanza, kisha ya pili, na bahati ikiwepo ya tatu.

Sisemi kwamba mambo yalikuwa mazuri. La hasha! Malipo yalichelewa, makato yalikuwa mengi, na mara nyingi jasho la mkulima lililipia madeni ambayo hakuyakopa yeye. Hata hivyo, kando ya mizani ile palikuwa na daftari. Ndani yake liliandikwa jina la mkulima, kilo alizoleta, na pembejeo alizochukua kwa mkopo: mbolea, na mrututu wa kunyunyizia mibuni. Deni lilikatwa msimu wa kuuza ulipofika. Mkopo huo uliwezekana kwa sababu moja tu: mlango wa kuuzia ulikuwa mmoja, na mdaiwa hakuwa na pa kupitia pengine.

Sheria ilibadilishwa mwaka 1993, na msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini. Ilisadifu kwamba katikati ya 1994 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ikapaa duniani kote. Baba yangu mkubwa alikuwa mkulima, nami wakati huo nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Nakumbuka gari likisimama njia panda, mizani ikitundikwa mtini, na mzee akirudi nyumbani na noti mkononi siku hiyo hiyo. Alicheka usiku kucha. Deni lake la dawa alikuwa ameliacha kwenye daftari la chama.

Hakuwa peke yake, wala hakuwa mwizi. Alichoka kungoja. Lakini wengi walipofanya kama yeye, vyama vikakosa pa kukata deni, na mkopo wa pembejeo ukafa. Mnunuzi mwenye gari alikuja kununua kahawa, hakuja kukopesha mrututu. Mibuni ikaachiwa kutu ya majani na chulebuni. Nayo bei haikungoja. Mapatano ya nchi zinazouza na zinazonunua kahawa, yaliyogawa mafungu ya kuuza nje, yalikuwa yamesitishwa tangu 1989, hivyo hapakuwa tena na kizuizi cha mporomoko. Ilipofika 2001 bei ilikuwa duni mno. Kwenye mashamba mengi mibuni ilitelekezwa au kung'olewa, na mahali pake pakaota nyanya, mahindi na migomba.

Hapa, mpenzi msomaji, ndipo penye jambo ambalo husemwa kwa nadra. Kahawa ilikuwa mali ya baba. Mti ulikuwa wake, jina daftarini lilikuwa lake, na fedha zilikuwa zake. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mama. Kahawa ilipoanguka, ada ya shule na chumvi ya nyumbani vilianza kutafutwa sokoni Tengeru, siku za Jumatano na Jumamosi, na aliyebeba mkungu kichwani alikuwa mama. Mabadiliko yaliyoandikwa kwenye makaratasi ya Dar es Salaam yaligeuza, pasipo mtu kukusudia, mkono unaoshika mkoba ndani ya nyumba za Meru. Wazee wengine walilipokea jambo hilo kwa shida, lakini watoto walisoma.

Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa ya wakulima wadogo ipitie tena kwenye vyama vya msingi. Mlango ukarudi kuwa mmoja. Wako waliofurahi na wako walioguna, na kila upande una historia ya kuutetea. Kwa maoni yangu, agizo linaweza kurudisha mizani, lakini haliwezi kurudisha imani. Baba mkubwa hakuukimbia ushirika kwa kuwa aliuchukia. Aliukimbia kwa kuwa haukumlipa kwa wakati. Chama kitakachomlipa mkulima mapema, kikamwonyesha kila senti iliyokatwa na sababu yake, hakitahitaji amri ya kumlinda. Na daftari lake jipya liandike jina la mama pia, kwani miaka ile migumu ndiye aliyebaki shambani.

Tukutane juma lijalo.