Dubai hadi Guangzhou: umbali, muda wa ndege na hesabu ya mfanyabiashara

Kutoka Dubai hadi Guangzhou, kusini mwa China, ni takriban kilomita 5,830 kwa mstari wa moja kwa moja angani. Ndege isiyotua njiani hutumia kama saa saba na nusu kwenda. Kurudi ni saa nane na zaidi, kwa kuwa upepo mkali wa anga za juu hutoka magharibi na ndege hupambana nao. Miezi ya baridi upepo huo huzidi.

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaopitia Dubai waongeze saa tano au zaidi za kutoka Nairobi au Dar es Salaam, bila kuhesabu muda wa kusubiri ndege ya pili.

Umbali hauna utata, saa ndizo zinazowaponza watu. Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa 4, na mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 5. Tiketi huandika saa ya mahali husika. Anayeondoka Dubai saa nne na nusu asubuhi atatua saa nne usiku za China, maduka yamefungwa, na hoteli atalipia usiku ambao hakufanya lolote. Ndege ya usiku inayofika asubuhi ina nafuu, ingawa msafiri hufika na usingizi machoni.

Kosa la gharama zaidi ni la tarehe. Tiketi ya kurudi ikiandikwa 00:10 Jumanne, safari ni saa sita na dakika kumi, usiku wa kuamkia Jumanne. Maana yake mtu awe uwanja wa Baiyun Jumatatu jioni. Atakayekwenda Jumanne usiku atakuta ndege iliondoka jana yake, na kubadilisha tiketi ni faida ya katoni kadhaa.

Uwanja huo uko karibu kilomita 28 kaskazini ya katikati ya jiji. Maonyesho makubwa ya Guangzhou, yanayofanyika tangu 1957, huja mara mbili kwa mwaka, kuanzia katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba. Misimu hiyo vyumba hupanda bei, hivyo asiye na shida na maonyesho afadhali achague wiki nyingine.

Kwa mzigo, tofauti ni kubwa zaidi. Meli haiwezi kukata nchi kavu: hushuka hadi Singapore, hupita mlango wa Malacca, huzunguka kusini ya Sri Lanka ndipo ifike Jebel Ali, jumla karibu kilomita 9,000. Wiki tatu ni makadirio ya kawaida.

Anayeharakisha kwa ndege ajue kwamba halipii kilo za mizani peke yake. Urefu, upana na kimo kwa sentimita huzidishwa, kisha hugawanywa kwa 6,000, na kinachotozwa ni uzito ulio mkubwa. Katoni ya 60 kwa 50 kwa 40 yenye mabegi ya kilo 12 hutozwa kama kilo 20. Kwa hiyo simu na vipuri vidogo hustahimili nauli ya ndege. Mabegi, viatu na vyombo vya plastiki vingoje meli, isipokuwa mteja ameshalipa na anadai mzigo wake kesho.