Doudou alivyofika Ifakara

Haya wadau, leo sina habari za bumu wala za mitihani. Juzi kwenye semina ya historia jamaa mmoja kauliza hizi tamthilia za Waasia zina nini mpaka mtu anaunguza wali. Darasa zima kicheko. Mimi nilinyamaza, nilikuwa namkumbuka marehemu bibi yangu.

Wachina sisi watu wa Ifakara hatukuwajulia kwenye TV. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na pale Mang'ula palikuwa na kambi yao. Bibi alikuwa binti wakati huo. Alichokumbuka ni watu wa kazi tupu, wasiopiga soga na mtu. "Sikujua hata kama nao wana mama wakwe," alikuwa anasema.

TV zenyewe zilichelewa. Zanzibar walianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara tukasubiri hadi 1994. Zikaja tamthilia za Kimeksiko na Kifilipino, zimetiwa sauti za Kiingereza. Kule kwenye vibanda vya video walau kulikuwa na mikanda ya akina Lufufu, anakutafsiria sinema na chumvi yake juu. Kwenye TV bibi alimtegemea mama, na mama akitafsiri anachotaka yeye! Ila 2011, baada ya mavuno, waligombana kwa ajili ya magunia ya mpunga yaliyouzwa bila bibi kuulizwa. Wakawa hawasemeshani. Tafsiri ikafa.

Novemba mwaka huohuo TBC wakaanza kuonyesha ile ya Doudou na mama wakwe zake. Redio China Kimataifa ndio walioiweka kwa Kiswahili, sauti nyingi za waigizaji wa Kenya. (Bibi: "Mbona huyu Mchina anaongea kama katoka Nairobi?") Doudou ni nesi, kaolewa na kijana ambaye wazazi wake wameachana na baba kaoa tena, kwa hiyo mama wakwe wawili! Kwetu hatukuwa na TV, tukawa tunaenda kwa jirani. Bibi anakaa mkeka ule, mama huu, mimi wa miaka minane katikati.

Machi 2013 Rais Xi Jinping alikuja Dar es Salaam, akaitaja tamthilia hii kwenye hotuba, kwamba inawaonyesha Watanzania raha na karaha za Wachina wa kawaida. Sawa, lakini mimi naona pale mkekani hakuna aliyekuwa anaichungulia China. Hata Oshin ya Wajapani, ya 1983 hadi 1984, vipande 297 vya robo saa robo saa, ilizunguka nchi kibao ikiwa na mama mkwe mkali vilevile. Mtu wa mpunga anaelewa mama mkwe haraka kuliko Beijing.

Siku moja mama mkwe wa Doudou alileta zake, bibi akasema, "Huyu mama ana kiburi." Mama, bila kugeuka: "Wapo wengi." Jirani akaacha kutafuna. Nikajua leo patachimbika. Bibi kimyaa, halafu akacheka mpaka khanga ikamdondoka.

Ya magunia hawakuyaongea, sio usiku ule. Ila kesho yake jioni bibi aliniita uani: "Kamuulize mama yako, leo tunaenda saa ngapi?"

Ngoja niwahi foleni ya kantini.