Michoro ya ukutani ya Wayeye

Picha za Wayeye, wanachama wa chama cha washika nyoka kiitwacho Buyeye, katika Usukuma, eneo linalojumuisha Shinyanga na Geita. Zilichorwa ndani ya nyumba za udongo kwa rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu: nyoka aliyejipinda ukutani, kando yake watu na wanyama. Karne ya 18 matajiri wa Ulaya walitundika nyumbani magofu ya Roma yaliyochorwa na Giovanni Paolo Panini (1691–1765). Tofauti nao, Wayeye walichora ukutani kwenyewe, na picha hizo zilikuwa somo kwa wanachama wapya, si pambo tu. Ukuta ukibomoka, picha hupotea nao. Ndiyo maana kitabu cha Hans Cory, mzaliwa wa Austria, kuhusu michoro hiyo, kilichotoka London mwaka 1953, ni kumbukumbu ya thamani kubwa.