Mzigo wa Kuthibitisha: Fidia ya Maendelezo ya Wapangaji Nchini Ayalandi, 1845–1906

Suala la fidia kwa mpangaji aliyeendeleza mali ya mwingine huchukuliwa mara nyingi kuwa suala la kiasi cha fedha. Historia ya Ayalandi inaonyesha kwamba swali lililotangulia lilikuwa jingine: nyumba ikisimama shambani, ni nani aliyepaswa kuthibitisha aliyeijenga? Insha hii inajadili jinsi mzigo huo ulivyohama kutoka kwa mpangaji kwenda kwa mwenye ardhi, pamoja na mipaka ya badiliko hilo.

Tume ya Devon, iliyoteuliwa mwaka 1843 na kutoa taarifa yake mwaka 1845, ilibainisha kwamba nchini Ayalandi, tofauti na ilivyokuwa England, mpangaji ndiye kwa kawaida aliyejenga nyumba yake ya kuishi na mabanda yake. Hata hivyo, kisheria, kilichoshikamana na ardhi kilihesabiwa kuwa mali ya mwenye ardhi. Wapangaji wengi walikaa kwa upangaji wa mwaka hadi mwaka. Notisi ilipotolewa, mjenzi aliondoka na jengo likabaki. Aliyeachwa akae naye aliweza kupandishiwa kodi kwa sababu ya thamani aliyoiongeza mwenyewe. Katika jimbo la Ulster, desturi ilimruhusu mpangaji anayeondoka kuuza haki yake kwa anayeingia, lakini desturi hiyo haikuwa na nguvu ya sheria.

Jaribio la mwaka 1860 la kutoa fidia kwa njia ya sheria lilitegemea ridhaa ya mwenye ardhi, na kwa sababu hiyo halikuzaa matunda. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1870, iliyopitishwa chini ya Waziri Mkuu William Gladstone, iligeuza msingi wenyewe. Mbali na kuipa desturi ya Ulster nguvu ya sheria, iliweka dhana kwamba maendelezo yalifanywa na mpangaji, isipokuwa mwenye ardhi athibitishe vinginevyo au hali iwe miongoni mwa zile zilizotengwa na sheria. Maendelezo ya kabla ya sheria hiyo yaliyozidi miaka 20 hayakulipiwa, lakini majengo ya kudumu hayakubanwa na ukomo huo. Kwa familia isiyokuwa na hati wala risiti, tofauti hiyo ilikuwa kubwa.

Hata hivyo, fidia ililipwa mpangaji alipoondoka. Ili alipwe gharama ya nyumba yake, ilimpasa kwanza aipoteze. Sheria ya mwaka 1881 ilijaribu kuziba pengo hilo: mahakama ilipewa uwezo wa kupanga kodi ya haki kwa miaka 15, na kifungu kilichotokana na hoja ya mbunge Tim Healy kilikataza maendelezo ya mpangaji kutozwa kodi. Mwaka uliofuata, katika shauri la Adams dhidi ya Dunseath, Mahakama ya Rufani ilikitafsiri kifungu hicho kwa ufinyu, na sehemu ya ongezeko la thamani ikahesabiwa kuwa tunda la uwezo wa asili wa udongo. Wapangaji wa nyumba na maduka ya mjini walisubiri hadi mwaka 1906 kupata sheria yao ya fidia.

Kwa hiyo, mafanikio ya mwaka 1870 yalikuwa ya ushahidi zaidi kuliko ya makazi. Sheria ilikiri kwamba mpangaji ndiye aliyejenga. Haikumhakikishia kuendelea kuishi alimojenga.