Iyafoni, injini ya ndege na jogoo wa Ukunda

Najua nimepotea. Kuna programu ya mteja iliyonikalia kooni wiki sita nzima, nikawa naamka nayo na kulala nayo. Imekwisha, alhamdulillahi, na sasa narudi kijiweni kwetu na mada niliyoiahidi siku nyingi: iyafoni zisizo na waya, vile vidude viwili vya kuchomeka masikioni ambavyo siku hizi hapa Ukunda hata muuza madafu anavyo.

Nilidhani nitaandika ulinganisho wa kawaida tu: hizi zinalia vizuri, hizi zinabana, hizi zinazima kelele. Lakini katikati ya ile kazi lilinitokea jambo lililonifanya nianze kusoma historia, na historia ndiyo iliyonionyesha nilikuwa nanunua vibaya.

Kwa msiopajua kwangu: naishi nyuma kidogo ya barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga. Mchana ni tuktuk, pikipiki, makanga wanaoita "Likoni! Likoni!", na fundi wa kuchomelea mageti. Jirani ana majogoo watatu wasiojua saa. Juu ya hayo yote, ndege zinatua na kuruka katika uwanja mdogo wa Ukunda kuleta watalii wa Diani. Sasa wewe kaa hapo uandike programu. Nilichofanya ni kile anachofanya kila mtu: niliweka muziki, nikapandisha sauti. Kelele ikizidi, nami nazidi.

Usiku mmoja nilivua iyafoni, nyumba imetulia, kila mtu amelala, na bado nikasikia kitu. Mlio mwembamba, kama mbu aliyenaswa ndani ya sikio. Nilikaa kitandani nikausikiliza hadi usingizi ukanichukua. Asubuhi ulikuwa umeondoka, lakini hofu haikuondoka, kwa sababu ninaye mjomba. Mjomba wangu alifanya kazi miaka mingi katika chumba cha jenereta cha hoteli moja ya ufukweni. Hakuna aliyewahi kumpa kinga ya masikio. Leo ukimwamkia kwa sauti ya kawaida anakutazama mdomo. Wajukuu wakimwita, hageuki. Naye alianza na mlio huo huo wa mbu.

Basi tuanze safari yetu.

Hedifoni hazikubuniwa kwa ajili ya muziki. Mwaka 1910 Mmarekani mmoja wa jimbo la Utah, Nathaniel Baldwin, alitengeneza jozi jikoni kwake na kuipeleka kwa jeshi la majini la Marekani. Mitambo ya redio ya wakati ule ilitoa sauti hafifu mno, na opereta alihitaji kusikia ishara za mbali sana. Jeshi likapenda, likaagiza zaidi, na Baldwin akajibu kwamba hawezi kutengeneza zaidi ya kumi kwa mkupuo, maana kiwanda chake ni jiko. Muziki ulikuja baadaye sana: mwaka 1958 John Koss alitoa hedifoni za kwanza za stereo kwa watu wa nyumbani.

Kutembea nazo kulikuja tarehe 1 Julai 1979, Sony walipoanza kuuza Walkman nchini Japani. Jambo ninalolipenda ni kwamba Walkman ile ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, pamoja na kitufe cha rangi ya chungwa. Ukikibonyeza, muziki unashuka na wenzako wawili mnasikilizana kupitia maikrofoni. Waliogopa kwamba mtu kujifungia na muziki wake peke yake ni utovu wa adabu. Sisi watu wa Pwani tungewaelewa. Kanda ya taarab ya Juma Bhalo au Zuhura Swaleh haikuwa ya sikio la mtu mmoja. Ikiwekwa ndani, inasikika barazani, na anayepita njiani anapata fungu lake.

Sasa njoo kwenye kuzima kelele, maana hapa ndipo penye somo. Mwaka 1933 Mjerumani Paul Lueg aliomba hataza ya wazo la ajabu, na Marekani ikampa ya kwao mwaka 1936. Sauti ni mawimbi: hewa inabanwa na kuachiwa. Ukitengeneza wimbi lingine lililo kinyume kabisa, yaani lile la kwanza likibana hili linaachia, mawili hayo yakikutana yanauana. Kelele juu ya kelele, unapata ukimya. Wazo lilikuwa sahihi, ila vifaa vya kulitekeleza havikuwepo.

Miaka ya 1950 Lawrence Fogel alilipeleka wazo hilo kwa marubani. Kisha mwaka 1978 profesa Amar Bose wa chuo cha MIT alipanda ndege kutoka Zurich kwenda Boston, akapewa hedifoni za abiria, akakuta mngurumo wa injini umeumeza muziki wote. Akaanza kupiga hesabu pale pale kwenye kiti. Kampuni yake ilihitaji zaidi ya miaka kumi kufika sokoni: hedifoni za marubani zilitoka mwaka 1989, na za abiria wa kawaida mwaka 2000. Mwaka 2017 Sony walitoa iyafoni ndogo zisizo na waya zenye uwezo huo, na mwaka 2019 Apple wakafuata na AirPods Pro.

Umeona mtiririko? Opereta wa redio, rubani, abiria. Kifaa hiki kilizaliwa ubavuni mwa injini, na hadi leo adui anayemjua vizuri ni injini. Si bahati mbaya. Sauti nzito ya hezi 100 ina wimbi la urefu wa mita tatu na nusu hivi, na mngurumo wa injini hurudia umbo lile lile sekunde baada ya sekunde. Chipu ina nafasi ya kulisoma na kulijibu. Sauti kali ya hezi 3,000 ina wimbi la sentimita 11 tu. Ukichelewa kidogo sana kulijibu, wimbi lako halikutani nalo kinyume, na badala ya kufuta unaongeza. Jogoo hangurumi. Jogoo analipuka ghafla, kwa sauti kali, na akishamaliza chipu ndiyo kwanza inafikiria.

Kwa hiyo sauti kali, yaani makanga, jogoo na honi ya pikipiki, huzibwa na kitu cha kizamani kabisa: kizibo. Ni vile vipira laini vya silikoni vinavyokaa ndani ya tundu la sikio. Visipokaa sawasawa, besi inavuja, kelele inaingia, na chipu ya bei mbaya inapigana na mlango ulio wazi.

Nilichukua jozi tatu. Ya kwanza ni ya plastiki ngumu isiyo na vipira, ya bei ya chini kabisa, niliyonunua Likoni nikisubiri feri. Ya pili ina vipira lakini haizimi kelele. Ya tatu ina vyote viwili. Sikutumia mitambo ya maabara. Simu yangu ina hatua 15 za sauti, nikakaa mezani kwangu saa nne asubuhi, barabara imechangamka, nikauliza swali moja tu: nifike hatua ya ngapi ndipo nisikie maneno ya wimbo bila kukaza sikio?

Jozi ya kwanza ilidai hatua ya 13. Ya pili ilinipa hatua ya 9. Ya tatu, hatua ya 6, na feni ya dari na mngurumo wa malori vikatoweka kama vimekatwa kwa kisu. Jogoo alisikika katika zote tatu, ila katika mbili za mwisho alikuwa jogoo wa nyumba ya tatu. Kisha nikaivisha ile ya tatu vipira vidogo kuliko sikio langu, ikarudi hatua ya 10. Kipira kisichofaa kilikula faida yote ya chipu. Kwenye boksi huwa kuna saizi tatu. Wengi hawazijaribu.

Na ubora wa sauti je? Bluetooth ilianzishwa na Ericsson mjini Lund, Sweden, mwaka 1994, na jina ni la mfalme wa Denmark wa karne ya 10, Harald Bluetooth. Njia yake ilikuwa nyembamba, hivyo muziki ulilazimika kubanwa kabla ya kurushwa, na jozi nyingi za mwanzo zilipokea sauti sikio moja kisha kuirusha sikio la pili. Kichwa cha binadamu kimejaa maji, na maji hunywa mawimbi hayo, ndiyo ule ukatikaji tuliouzoea. Siku hizi ubanaji umeboreka kiasi kwamba kwangu tofauti kati ya kodeki ni ndogo kuliko tofauti ya kipira. Pwani yetu ina jasho, na jasho hulegeza kipira. Yafute, uyarudishe. Dada yangu naye anavaa zake ndani ya mtandio, na kila kitambaa kikigusa, wimbo unaruka. Kwa mtu kama yeye, za kubonyeza ni bora kuliko za kugusa.

Sasa nirudi kwenye mlio wa mbu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, salama yako ni saa 4 tu kwa wiki. Mimi nilikuwa nasikiliza saa kumi kwa siku, sauti iko karibu na kilele, nikidhani tatizo langu ni kelele za Ukunda. Kumbe kelele kubwa kuliko zote niliiweka mwenyewe, tena ndani ya sikio.

Ndiyo maana kipimo changu cha iyafoni kimebadilika. Nzuri ni ile inayokuruhusu kupunguza sauti. Kama huna pesa ya chipu, nunua zenye vipira na uchague saizi yako. Hapo umeshapata nusu ya safari. Na ukiwa njiani, hasa juu ya bodaboda, vua. Kuna honi unazotakiwa kuzisikia.

Wiki jana nilikuwa barazani na mjomba, nimevaa ile jozi ya tatu bila kuweka muziki wowote. Akaniuliza nasikiliza nini. Nikamwandikia kwenye simu: hakuna, nazima injini ya jirani tu. Akasoma, akarudia kusoma, akaniomba zile iyafoni azishike. Akazigeuza kiganjani muda mrefu, akanirudishia.

Haya, tuonane tena nikipata nafasi. Lindeni masikio.